Mbele ya kumrudisha nyumbani, muulize kama atapona



Hii picha tunaijua wote. Mama anafika ku posti ya polisi asubuhi, uso umevimba, mtoto mgongoni. Afande anamwangalia, anamuuliza: «Ulimufanyia bwana yako nini?» Kisha bwana anaitwa, mzee mmoja wa kartiye anaitwa, wanakaa, wanasema. Bwana anaomba musamaha. Kuko kitu kidogo kinatoka mfukoni. «Mama, rudi ku nyumba. Mambo ya nyumba yanaisha ku nyumba.» Mbele ya saa sita, kazi imeisha.

Hakuna hata mmoja aliyemuuliza: leo usiku utalala wapi, na yeye atakuwa wapi?

Kwetu sisi, kosa linaanzia pale. Posti inauliza juu ya jana: nani alianza, nani alikosea. Kesho ya yule mama hakuna anayeiuliza, na ni kesho inayoweza kumuua.

Walikale, dunia inaijua juu ya Luvungi. Toka tarehe 30 Julai hadi 2 Agosti 2010, watu wenye silaha waliingia katika vijiji 13, na Umoja wa Mataifa ulihesabu watu 387 waliobakwa. Wachunguzi walikuja. Novemba 2020, korti ya kijeshi ya Goma ilimhukumu Sheka kifungo cha maisha. Ilichukua miaka kumi, lakini ilifika. Mama anayepigwa na bwana yake kule kule Walikale, hakuna helikopta inayoshuka juu yake. Na bamama hawa ni wengi. Uchunguzi wa kitaifa wa 2013-2014 ulionyesha kwamba wanawake 52 kwa 100 wamepigwa tangu walipofika miaka 15, na mara nyingi mpigaji ni bwana.

Kuna watu waliochunguza namna wanawake wanavyofika kuuawa na mabwana zao. Jacquelyn Campbell, muuguzi wa Marekani, alianza miaka ya 1980 kuandika orodha ya maulizo ya kupima hatari. Yeye na wenzake waliona kwamba kifo hakiji bila alama. Hispania, tangu 2007, polisi wanaingiza majibu ya mama katika programu ya kompyuta inayoitwa VioGén, inapima hatari, na polisi wanamfuatilia kufuatana na kipimo. Hata huko imekosea: kuna wanawake walioambiwa hatari ni kidogo, wakauawa. Kwa hiyo karatasi peke yake haiponyeshi mtu. Lakini inamlazimisha afande aulize.

Sisi hatuna lazima ya kompyuta. Maulizo tano yanatosha kwa kuanza:

1. Alikukaba shingo? Hata mara moja, hata kama hakuna alama. Mwanamke aliyekabwa shingo na bwana yake, hatari ya kuuawa baadaye inapanda zaidi ya mara sita.
2. Kuko bunduki ku nyumba, ao anaweza kuipata?
3. Alisema atakuua, na wewe unaamini anaweza?
4. Umemuacha, ao umemuambia utamuacha? Siku za kuachana ni siku za hatari kubwa.
5. Mapigo yanaongezeka? Anakupiga hata ukiwa na mimba?

Sasa someni hii orodha na macho ya Masisi. Ulizo la pili: Ulaya, bunduki ku nyumba ni alama ya pekee. Kwetu, kutoka Sake mpaka Pinga, ni kitu cha kila siku. Bwana ni mupiganaji, ao alikuwa mupiganaji, ao ndugu yake iko naye. Wakati mwingine afande mwenyewe anaogopa, juu anajua komanda gani yuko nyuma ya yule bwana. Watu wanasema: «Bunduki ziko popote, tutafanya nini?» Sisi tunasoma kinyume: kama bunduki iko popote, hakuna kesi ya «kupigwa kidogo».

Ulizo la nne pia. Mama akikimbilia kwa wazazi, mara nyingi familia inamrudisha, juu ng'ombe ao mbuzi za mali zilishaliwa. Anarudishwa katika siku zile zile za hatari.

Na sheria? Katiba, artikilo ya 14, inaamuru serikali ipigane na ukatili juu ya mwanamke, inje na ndani ya nyumba. Sheria za Julai 2006 juu ya ubakaji zinamtaka OPJ ajulishe parke katika masaa 24, na zinakataza kesi kuzimwa na faini. Lakini kupigwa na bwana hakuna sheria yake peke yake. Kunaandikwa kama mapigo ya kawaida, kama vile watu wawili waligombana ku soko.

Mtatuuliza: polisi gani? M23 iliingia Masisi-centre Januari 2025. Iliingia Walikale-centre Machi, ikatoka Aprili. Mahali pengi polisi wa serikali hawako tena. Ni kweli. Lakini anayeshika posti leo, awe nani, anatoa amri na anakula kodi. Hawezi kusema maisha ya mama si kazi yake. Kusema hivi si kumtambua mtu yeyote. Na mahali posti haiko, muuguzi wa sante, kiongozi wa kartiye, mama wa kanisa, wote wanaweza kuuliza maulizo tano.

Tunadai:

Moja, mama aulizwe peke yake. Bwana asiwe pale, wala mama-mukwe.

Mbili, kama amekabwa shingo, kama kuko silaha, ao kama yeye mwenyewe anasema «ataniua», hakuna mapatano ya kirafiki. Asirudi usiku ule. Atafutiwe mahali.

Tatu, majibu yaandikwe na yabaki ku posti ao ku sante. Asipewe karatasi ya kubeba nyumbani: bwana akiiona, tumemuuza.

Nne, kutunza mama kusiombe franga. Anayeomba makuta ya karatasi na benzini anachagua nani atapona.

Tano, bunge la Kinshasa litoe sheria juu ya ukatili wa ndani ya nyumba, yenye amri ya kumtosha mpigaji nyumbani. Leo ni mama na watoto wanaotoka.

Na sisi vijana wa Goma, tusijifanye wageni. Tuko na dada Masisi, tuko na shangazi Walikale. Akipiga simu, tusimuambie «vumilia». Tumuulize ile maulizo tano, tumuamini, tumtafutie mahali pa kulala. Na hapa mjini, ukisikia kelele usiku kwa jirani, usiongeze muziki. Enda na wenzako, mubishe hodi.