Kabla ya skrini, weka geji ya joto

Wasee, leo nitakosana na mafundi wa redio kuanzia Kondele hadi Kibuye. Kama una ka-Vitz ka kawaida na una pesa ya kubadilisha kitu kimoja tu kwenye dashibodi, usinunue skrini. Nunua geji ya joto la injini.

Najua skrini ndiyo inauza. Kazi yangu ni video na namba naziona kila siku. Nikiweka klipu ya skrini kubwa ikiwaka usiku pale Oginga Odinga Street, simu hailali. Nikiweka klipu ya mshale wa joto, wanaotazama ni mafundi wawili na mamangu. Sawa tu. Nitaendelea kusema.

Ingia kwenye Vitz ya kati ya 2005 na 2010, ile ambayo mita ziko katikati ya dashibodi badala ya mbele ya dereva. Utaona kasi, utaona mafuta, utaona kilomita na safu ya taa za onyo. Sasa tafuta joto la injini. Kwa zile za bei ya chini, hakuna. Kuna taa ya buluu inayowaka asubuhi injini ikiwa baridi, halafu inazima. Kuna taa nyekundu inayowaka mambo yakishaharibika. Katikati ya buluu na nyekundu hakuna anayekuambia kitu. Honda Fit za kwanza ni hivyo hivyo, na Demio pia.

Huko Japani hiyo haikuwa shida. Gari ilikuwa mpya na ndani ya rejeta mlikuwa na dawa yake. Kwetu inafika ikiwa tayari imezeeka kidogo, kwa sababu sheria yetu inaruhusu gari mpaka miaka minane, halafu sisi tunaikimbiza miaka mingine kumi au zaidi. Rejeta imeanza kuziba kwa kutu. Kifuniko chake kimelegea. Na maji yaliyomo ndani ni ya mfereji, au tuseme ukweli, ya ziwa.

Hapa ndipo mahali tunapoishi panaingia kwenye hesabu. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Maji kwenye sufuria isiyofunikwa hapa yanachemka karibu digrii 96, si 100. Ukipanda hadi Kericho, ambako unapita mita 2,000, yanachemka karibu digrii 93. (Niliacha chuo, sikuacha fizikia.) Sasa injini nyingi za gari ndogo zinafanya kazi vizuri kati ya digrii 85 na 95 hivi. Umeona shida iko wapi? Kinachozuia maji ya rejeta yasichemke ni presha inayoshikwa na kile kifuniko, pamoja na dawa iliyochanganywa na maji. Kifuniko kikichoka na dawa ikikosekana, unapanda mlima na sufuria wazi.

Na milima tunayo. Riat ukielekea Kakamega. Kupanda Maseno. Ama ile barabara ya Kericho, ambayo inakudanganya: Ahero na Awasi ni tambarare, jua kali, AC imewaka, abiria wamelala, halafu barabara inaanza kupanda na haiachi.

Binamu yangu anajua hiyo barabara. Alikuwa anaendesha teksi ya app hapa mjini na Vitz ya mkopo. Mwezi huo alikuwa ameweka skrini mpya, kubwa, na kamera ya nyuma. Akapata watu watatu wa kupeleka Kericho. Baada ya Awasi taa nyekundu ikawaka. Akajiambia atasukuma hadi petroli stesheni inayofuata aongeze maji. Hakufika. Gaskiti ya hedi ilikuwa imeenda na hedi yenyewe imepinda. Gari ilivutwa kurudi Kisumu, na skrini ilikuwa inacheza muziki vizuri kabisa njiani. Injini ya mtumba alipata, lakini baada ya miezi miwili, na wenye mkopo hawakumngoja miezi miwili. Leo anaendesha gari ya mtu mwingine.

Watu humwambia angesimama taa ilipowaka. Ni kweli. Lakini joto haliruki kutoka sawa hadi nyekundu kwa sekunde moja. Mara nyingi linapanda polepole, digrii moja moja, na yeye hakuwa na kitu cha kumwonyesha. Kuna ubaya mwingine ambao wengi hawaujui: kihisi cha joto hufanya kazi kikiwa kimezama ndani ya maji. Maji yakivuja yakaisha, kihisi kinabaki kwenye mvuke na hewa, na ile taa nyekundu inaweza kuchelewa au isiwake kabisa. Kwa hivyo hata ukiweka geji, kuangalia maji asubuhi kabla ya kuwasha gari ni lazima. Asubuhi, omera, ikiwa baridi. Usifungue kifuniko cha rejeta ya moto, hayo maji yana presha na yatakurukia usoni.

Sasa, njia rahisi ya kupata joto ni kile kidude cha kuchomeka chini ya usukani, kinachotuma habari za injini kwa simu kupitia Bluetooth. Kinakupa namba kamili, si mshale, na namba ni bora. Magari mengi yenye mshale wa kiwandani, mshale huo umefugwa: unakaa katikati hata joto likicheza huku na kule, ili dereva asiwe na wasiwasi. Shida ya kidude ni kwamba gari nyingi za soko la Japani, hasa za kabla ya 2008, haziongei lugha ambayo kidude kinaelewa. Usilipe kabla hujachomeka kwenye gari yako na ukaona joto likisoma.

Kikikataa, weka geji ya kando yenye kihisi chake. Fundi anakata mpira wa juu wa rejeta, anaweka kipande cha chuma chenye tundu la kihisi, anafunga klipu mbili. Hapo msimamie. Stima ya geji itoke kwenye waya unaowaka ufunguo ukiwashwa, na ipitie fyuzi. Mafundi wengine wanapenda kuunga moja kwa moja kwa betri kwa sababu ni haraka. Mwambie kwa heshima, "Fundi, tafadhali weka fyuzi," na usiondoke hadi uione. Ikishakaa, endesha wiki moja ukiangalia tu, ili ujue kawaida ya gari yako. Ukiona inapita 105 na bado inapanda, zima AC, washa hita mpaka mwisho hata kama abiria watalia, na utafute mahali pa kusimama.

Kisha kuna wale wanaobadilisha mita nzima. Wanatafuta mita ya Vitz RS yenye mshale wa mizunguko ya injini, inang'aa, nyadhi tupu. Sina ubaya na nyadhi, mimi ni mtu wa Kisumu. Lakini kwa gari ya otomatiki mshale wa mizunguko ni pambo zaidi ya kazi. Pia hakikisha mita inatoka kwa gari ya otomatiki kama yako, la sivyo hutaona gia uliyoko kwenye kioo, na siku ya kwanza pima kasi yake dhidi ya GPS ya simu.

Hapo ndipo kuna jambo ambalo halizungumzwi. Kilomita zimehifadhiwa kwenye kichipu kidogo kilicho ndani ya mita yenyewe. Ukibadilisha mita, umebadilisha historia ya gari. Yako ilikuwa imekimbia 190,000, mita ya mtumba inasoma 84,000, na ghafla gari imepata ujana. Wengine ndiyo sababu wanabadilisha. Atakayeinunua ataamini namba hiyo, atapitisha muda wa kubadilisha mafuta ya gia, plagi na mikanda, na pengine ni dereva wa teksi kama binamu yangu, mwenye mkopo na watoto. Huo ni wizi. Hakuna jina lingine. Ukibadilisha mita, piga picha ya ile ya zamani siku ya kuitoa, andika kilomita zote mbili na tarehe kwenye karatasi, na karatasi ikae na stakabadhi za gari mpaka siku ya kuuza.

Na wewe unayeenda kununua, usiangalie skrini kwanza. Weka ufunguo, zungusha hadi taa za dashibodi ziwake bila kuwasha injini. Taa ya injini, ya oili, ya betri na ya mifuko ya hewa zote zinafaa kuwaka, na ile ya mifuko ya hewa izime yenyewe baada ya sekunde chache. Kama taa ya injini haiwaki kabisa, kuna mtu aliitoa au akaibandika tepu kwa nyuma. Muulize muuzaji ni kwa nini. Halafu omba injini iwe baridi utakapofika, na uangalie kama taa ya buluu inawaka. Ukikuta ameshaipasha moto kabla hujafika, rudi kesho asubuhi na mapema.