Gauni la Harusi na Makaburi ya Gedi

Siku hizi maharusi wanatushonesha magauni ya kupigia picha kwenye magofu ya Gedi, kule msituni karibu na Watamu. Tulipokwenda wenyewe, muongozaji alitupitisha chini ya miti mikubwa hadi msikiti mkuu, visima, na kaburi lenye tarehe: 802 Hijria, yaani 1399. Hapo tukaona haya. Kumbe mikia mirefu tunayoishona inakwenda kuburutwa juu ya Waislamu wenzetu! Na Mtume (S.A.W.) amekataza hata kukaa juu ya kaburi.

Bibi harusi, nenda ukajifunze. Makaburini toa salamu, waombee dua. Picha kapige kwenye lango la kasri. Sisi gauni la mkia la Gedi hatushoni tena, hata kwa bei mara mbili.