Kompyuta Kuukuu Si Chuma Chakavu

Nasikia ati kompyuta kuukuu zilizoko stoo zitauzwa kwa kilo muhula ujao. Jamani, mimi napinga!

Ile mojawapo tuliyoiwasha haina kadi ya mtandao, ila nyuma ina poti ya siriali. Tuliiunga na modemu bandia, yaani programu katika kompyuta mpya inayojifanya modemu. Mzee anaandika ATDT, amri ya ukoo wa modemu za Hayes za mwaka 1981, akidhani anapiga simu. Kumbe anaingia intaneti!

Siku ya kwanza tuliweka kasi ya 115,200, ya juu kabisa inayopangika hapo. Maneno yakatoka nusu nusu. Wengine wakasema imekufa. Wapi! Chipu yake, 8250, hushika herufi moja tu. Ikija nyingine kabla ya ile kusomwa, ya kwanza imepotea. (Mdogo wake, 16550A, huweka akiba ya 16.) Tukashuka hadi 9,600 pande zote mbili, manake zisipolingana ni takataka tupu. Ikasoma sawasawa, kama herufi 960 kwa sekunde, kwani kila herufi husafiri kwa biti 10 ukihesabu ya kuanzia na ya kumalizia.

Sasa niambieni, kompyuta gani mpya ingetufunza hayo? Hizo huficha kila kitu. Mwalimu wetu wa maabara, twakuomba utuachie hata moja. Kona yatosha, na waya tunao.