Gari la mkataba lihesabiwe kwa kilomita, siyo kwa siku

UKISIMAMA stendi ya Newala alfajiri utayaona magari madogo ya milango mitano, mengi yakiwa Toyota IST, Vitz na Probox, yakisubiri abiria wa Masasi, Tandahimba na Kitangari. Dereva akiulizwa atasema gari ni lake. Ukimuuliza kadi iko wapi, atakujibu iko kwa tajiri. Hayo ndiyo magari ya mkataba.

Utaratibu wenyewe unafahamika. Tajiri ananunua gari na kumkabidhi dereva, dereva anapeleka hesabu ya kila siku kwa muda waliokubaliana, na muda ukiisha gari linakuwa la dereva. Watu waliuzoea kwenye bodaboda na bajaji, sasa umehamia kwenye magari.

Siyo utaratibu mbaya. Kijana wa Mkunya asiye na mshahara wala nyumba yenye hati hawezi kuingia benki akatoka na mkopo wa gari. Mkulima aliyevuna vizuri naye anapata mahali pa kuziweka fedha za korosho kabla hazijayeyuka. Ubaya uko kwenye namna mikataba hiyo inavyoandikwa, kwa kuwa mingi inahesabu siku na kusahau kwamba gari halizeeki kwa siku. Gari linazeeka kwa kilomita.

Chukua mfano. Gari ambalo kwa fedha taslimu lingeuzwa Sh 9,000,000 linatolewa kwa hesabu ya Sh 30,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, kwa miezi 18. Kwa mwezi dereva anapeleka Sh 780,000. Mpaka mkataba uishe atakuwa amepeleka Sh 14,040,000. Tofauti ya Sh 5,040,000 ndiyo faida ya tajiri, na hakuna wa kumlaumu kwa hilo, maana fedha yake ilikuwa barabarani mwaka mzima na nusu.

Sasa hesabu upande wa pili. Masasi hadi Newala ni kama kilomita 70. Dereva anayekwenda na kurudi mara mbili kwa siku anatembea kilomita 280, sawa na kilomita 7,280 kwa mwezi. Gari lililoanza kazi likisoma kilomita 110,000 kwenye dashibodi litakuwa limekaribia 200,000 baada ya mwaka mmoja. Siku anapokabidhiwa kadi, litakuwa linasoma 241,000. Hicho ndicho dereva anachokinunua, na hicho ndicho mkataba wake hausemi.

Na hizo 110,000 za mwanzo nazo si za kuaminiwa bila kuuliza. IST ya toleo la kwanza ilitengenezwa kati ya mwaka 2002 na 2007, hivyo hata iliyo changa kabisa imeshapita umri ambao gari likiingizwa nchini linaongezewa ushuru kwa sababu ya uchakavu. Ndiyo maana magari mengi yanayofika Nyanda za Makonde yamekwishatumika Dar es Salaam kwa miaka. Kurudisha kilomita nyuma ni kazi ya dakika chache kwa mwenye kifaa. Mpira wa pedali ya breki ukiwa umelika hadi chuma, usukani ukang'aa kama umepakwa mafuta, na kiti cha dereva kikawa kimelala upande mmoja, hakuna dashibodi itakayomshawishi mtu mwenye macho kwamba gari limetembea kilomita 80,000 tu.

Injini za magari haya ni ngumu, hilo lazima lisemwe. Ile ya cc 1,500 inayofungwa kwenye IST na Probox inatumia cheni badala ya mkanda wa taimingi, na ikibadilishiwa oili kwa wakati inavumilia sana. Lakini kwa wakati maana yake nini? Kwa mwendo wa kilomita 280 kwa siku, kilomita 5,000 zinakamilika ndani ya siku 18 za kazi. Katika mkataba wa miezi 18 hiyo ni oili ya mara 26. Dereva anayebadilisha kila baada ya miezi mitatu, kama alivyozoea mwenye gari la kwendea ofisini, anaiua injini huku akiamini anaitunza. Dalili ya kwanza ni gari kuanza kula oili, na wengi hawaioni kwa sababu hawana desturi ya kuchomoa stiki asubuhi.

Kinachokufa mapema zaidi ni miguu. Kutoka Masasi gari linapanda nyanda za juu, na pale ambapo lami haijawekwa, au magari yanapochepushwa kupisha ujenzi, ni kokoto, mchanga na mashimo. Gari lililoundwa kwa mitaa ya Japani, tena likiwa limejaza abiria na gunia kwenye buti, linamaliza shokapu, bushi, bolijointi na beringi za mbele kwa zamu. Ukitengeneza moja, lingine linakungoja. Giaboksi ya otomatiki nayo ikiwekewa oili isiyo yake kwa sababu ndiyo iliyokuwepo dukani, mshituko wa gia unaanza taratibu hadi siku gari linagoma kupanda mlima. Kuna na suala la maji. Nyanda za Makonde zinajulikana kwa shida ya maji tangu zamani, na dereva anayejaza rejeta maji yoyote aliyoyapata njiani atakuja kulipia kutu.

Hapa ndipo penye dhuluma, hata kama hakuna aliyekusudia. Katika mfano wetu, ukifika mwezi wa 12 dereva ameshapeleka Sh 9,360,000. Tajiri amerudisha fedha yote ya gari na chenji. Miezi sita iliyobaki ni faida tupu kwa tajiri, na miezi hiyo hiyo ndiyo gari linapoanza kudai injini, giaboksi na miguu mipya. Mikataba mingi inasema matengenezo yote ni ya dereva. Hivyo mmoja anabaki na faida na mwingine na spea. Dereva akishindwa hesabu wiki mbili tatu kwa sababu gari liko gereji, tajiri analichukua, na miezi 14 ya jasho inakwenda nalo.

Tajiri naye ana hoja zake. Wapo madereva wanaokimbiza gari kama la wizi, wapo wanaouza spea nzima na kufunga mbovu, na wapo wanaoliacha gari dakika za mwisho likiwa mkweche. Lakini hofu hiyo haiondolewi kwa kumbana dereva peke yake. Dereva anayejua kwamba gari halitakuwa lake hana sababu ya kulitunza.

Jambo jingine ambalo mikataba hii imeiga kutoka mjini ni kulipa kiasi kilekile mwaka mzima. Dar es Salaam watu wanasafiri kila siku ya Mungu. Masasi na Newala fedha inafuata korosho. Kuanzia Oktoba hadi Januari, minada ikiendelea na malipo yakiingia kupitia vyama vya msingi, magari yanajaa. Baada ya hapo, hasa miezi ya kununua viuatilifu na kupulizia salfa, mkulima anatembea kwa miguu au anaahirisha safari. Ilivyokuwa msimu wa 2018, pale Serikali ilipoamua mwezi Novemba kununua korosho yote kwa Sh 3,300 kwa kilo na malipo ya baadhi ya wakulima yakachelewa, hakuna mkataba wa hesabu ya kila siku uliokuwa na kifungu cha kusema nani abebe hasara hiyo. Hesabu ya Sh 40,000 kwa siku wakati wa msimu na Sh 25,000 nje ya msimu inampa tajiri fedha ileile kwa mwaka: miezi minne ya kwanza na minane ya pili inatoa wastani wa Sh 30,000. Hakuna anayepunjwa.

Upo pia mtego wa bima. Bima ndogo inamlipa mtu mwingine aliyegongwa, hailipi gari lenyewe. Likianguka mtaroni mwezi wa tano, gari limekwisha lakini deni liko palepale. Na bima iliyokatwa kwa matumizi binafsi inaweza kugomewa siku gari likikutwa na abiria waliolipa nauli. Bima kubwa ni ghali kwa gari la zamani, na zipo kampuni zitakazosita kuitoa, lakini swali la nani anabeba gari likifa lazima lijibiwe kwenye karatasi kabla ya ufunguo kukabidhiwa.

Mkataba unaofaa nyanda hizi utaandika kilomita za siku ya kwanza, pamoja na hali ya gari kama fundi asiye wa upande wowote alivyoiona. Utatenga kutoka kila hesabu kiasi kidogo, tuseme Sh 4,000, kiwekwe kwenye akaunti ya matengenezo ambayo hakuna anayeigusa peke yake. Kwa miezi 18 hiyo ni Sh 1,872,000, fedha inayotosha kuokoa gari badala ya kuanza kugombana. Tajiri akisharudisha bei ya gari, matengenezo makubwa yagawanywe nusu kwa nusu mpaka mwisho. Na gari likichukuliwa, dereva arudishiwe sehemu ya alicholipa kulingana na miezi aliyofikisha.

Mkataba huo uandikwe nakala mbili, dereva abaki na yake, na kila hesabu ipewe risiti au ilipwe kwa simu ili ibaki kumbukumbu. Gharama za kuhamisha kadi TRA nazo zitajwe mapema ni za nani, kwa sababu dereva akimaliza hesabu yote na kadi isihamishwe, gari bado si lake.