Dirisha Moja Latosha
Programu ya msamiati tunayoijenga hapa chamani kwa Electron hufungua dirisha jipya kwa kila neno linalobofywa. Wenzangu wengine wanapenda hivyo; mimi napinga. Electron hubeba ndani yake injini ya kivinjari cha Chromium, na kwa kawaida kila dirisha huendeshwa na mchakato wake wenyewe, unaokula kumbukumbu ya kompyuta. Haba na haba hujaza kibaba: maneno kumi, madirisha kumi, na kompyuta kuukuu ya mwanachama inaganda katikati ya zoezi. Tutumie dirisha moja, tubadilishe yaliyomo. La pili lifunguke pale tu msomaji anapotaka kulinganisha matini mbili. Chama ni cha wote. Programu nayo iwe ya wote.