Mpaka Uliopita Chini ya Ukumbi

Aghalabu mwanafunzi wa historia katika shule zetu hufunzwa mipaka kana kwamba ni jambo lililozaliwa Berlin mwaka wa 1884: wakubwa wa Ulaya wakaketi, na Afrika ikagawanyika. Mistari mingi ilichorwa baadaye, lakini hilo si kosa kubwa. Kosa kubwa ni kudhani kwamba huko kwao Wazungu hao mipaka ilimea ardhini yenyewe, mfano wa mito na milima. Mwalimu atakaye kuling'oa wazo hilo na awaache wafalme na vita vyao kwa kipindi kimoja, awafunze wanafunzi wake habari za Todmorden, mji mdogo wa kaskazini mwa Uingereza.

Mji huo umo bondeni, penye mpaka wa kale baina ya Yorkshire na Lancashire. Jina lenyewe, kwa fasiri inayokubaliwa na wengi, ni bonde la mpaka la Totta. Katika Kitabu cha Domesday cha mwaka wa 1086, kilichoandikwa ili mfalme ajue nani ana nini na atozwe kiasi gani, tunavikuta vitongoji viwili vya mahali hapo, Stansfield na Langfield, vikihesabiwa chini ya milki ya Wakefield huko Yorkshire. Lancashire haikuwa jimbo wakati huo. Ilikuja kutambuliwa katika karne ya 12. Kitongoji cha ng'ambo ya pili, Todmorden na Walsden, kikawa cha parokia ya Rochdale, upande wa Lancashire.

Kitongoji, basi, kilikuwa kitu gani? Hakikuwa ukoo, wala hakikuwa kabila. Kilikuwa daftari la wajibu. Parokia za kaskazini zilikuwa pana mno; ile ya Halifax peke yake ilikuwa na vitongoji zaidi ya 20. Kwa hiyo sheria ya mwaka wa 1662 iliruhusu vitongoji vya kaskazini kila kimoja kiwatunze maskini wake na kutoza kodi yake. Hapo ndipo mpaka ulipoota meno. Fukara mwenye haki ya makazi upande huu alilishwa kwa fedha za upande huu. Akivuka na kufilisika huko, aliweza kurudishwa alikotoka.

Wala msomaji asidhani kwamba watu walikuwa watazamaji tu. Sheria mpya ya mwaka wa 1834 ilipoviunganisha vitongoji na kutaka maskini wafungiwe katika nyumba za kazi, wenyeji waligoma, wakiongozwa na John Fielden, mwenye viwanda vya pamba na mbunge wa Oldham. Novemba 1838 makonstebo walikwenda Mankinholes, katika Langfield, kutwaa mali ya msimamizi wa kodi aliyekaidi amri. Umati wa wafanyakazi wa viwandani ukawashambulia, wakarudi mikono mitupu. Nyumba ya kazi haikujengwa Todmorden mpaka miaka zaidi ya 30 ikapita. Nakiri kwamba kisa hiki hunivutia kuliko orodha nzima ya mawaziri wakuu.

Wakati huohuo pamba ilikuwa imeujaza mji pande zote mbili. Duka lilikuwa huku, mteja kule. Wana wa Fielden walipojenga ukumbi wa mji, uliofunguliwa mwaka wa 1875, waliujenga juu ya kijito cha Walsden, nacho ndicho kilichokuwa mpaka. Mtu aliweza kusimama humo mguu mmoja ukiwa Lancashire na wa pili Yorkshire. Kwenye paji la jengo wachongaji waliweka sanamu za wanawake wawili, mmoja akiiwakilisha Lancashire na pamba yake, mwingine Yorkshire na sufu yake.

Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka wa 1888 ndiyo iliyoumaliza ubishi: mji wote ukaingizwa Yorkshire. Mwaka wa 1896 ukapewa hadhi ya manispaa, na mwaka wa 1974 hadhi hiyo ikafutwa, ukamezwa na wilaya mpya ya Calderdale. Katika umri wa mtu mmoja, mahali pamoja pamebadilisha mabwana mara tatu, na hakuna risasi iliyolia.

Maswali ya mitihani yetu huuliza mpaka ulichorwa lini na nani. Laiti yangeuliza pia nani alilipa, na alilipa nini, mwanafunzi angeweza kuichungua hata kata yake mwenyewe kwa jicho hilohilo, akaanza kwa kumsaili babu yake. Huko Todmorden wale wanawake wa mawe wangali juu ya ukumbi wao, na barua za mji huo wa Yorkshire zingali zinaandikwa msimbo wa Oldham, ng'ambo ya pili ya mpaka.