Msaidizi Naye Ahesabiwe

Leo nina jambo linalonikera siku nyingi kuhusu michezo ya timu kwenye kompyuta. Ukifungua ubao wa alama, hesabu ya kwanza karibu kila mara ni ile ile: nani ameua maadui wengi. Huyo ndiye anayesifiwa. Aliyekuwa nyuma yake akimponya na kumkinga yuko chini kabisa, na timu ikishindwa ndiye wa kwanza kutukanwa. Jamani, huu ni uonevu, na sisi waandishi wa programu ndio tunaouweka humo.

Sababu yenyewe ni uvivu. Kuua ni tukio moja lenye mwenyewe na wakati wake. Unaongeza 1 kwenye jumla ya mtu, kazi imekwisha. Lakini utahesabuje kifo ambacho hakikutokea?

Wapo waliojaribu. Katika Team Fortress 2, mchezo wa Valve wa mwaka 2007, kuua adui ni alama 1. Medic hupata alama 1 kwa kila pointi 600 za uhai anazorudisha, na nusu alama anayemponya akiua. Sasa piga hesabu. Soldier ana uhai 200, kwa hivyo inabidi umtoe mlangoni mwa kaburi mara 3 hivi ili ulingane na aliyeua mara moja. Ni kidogo, lakini ni afadhali kuliko sifuri.

Hata hivyo, kuhesabu dawa peke yake hakutoshi. Tazama Overwatch ya Blizzard, iliyotoka 2016. Lúcio huwaongezea wenzake kasi wakamfikia adui kabla hajajipanga. Ana humlaza usingizi Genji aliyekwisha kuchomoa upanga, akaokoa wenzake kwa mshale mmoja. Yote hayo hayaongezi hata pointi moja kwenye jumla ya uponyaji. Ukilipa uponyaji tu, unamwambia Ana aachane na mshale.

Na watu husikia, kwani mchezaji hufanya kinacholipa. Mercy wa zamani aliweza kufufua kwa mpigo wenzake wote waliokufa karibu naye. Wengine wakawa wanajificha, wakingoja wenzao wafe kwanza! Blizzard ikaubadilisha uwezo huo Septemba 2017.

Basi tufanyeje? Mimi nasema tutenganishe cheo na shukrani.

Cheo kitokane na kushinda na kushindwa tu. TrueSkill, mfumo ambao Microsoft iliuanzisha kwenye Xbox Live mwaka 2005, ulitazama matokeo ya timu peke yake. Msaidizi hodari huonekana kwa sababu timu zake hushinda mara nyingi zaidi. Gharama yake ni kwamba mechi nyingi zinahitajika kabla ya kumjua mtu, na ndiyo maana TrueSkill 2 ya 2018 iliongeza takwimu kama idadi ya waliouawa. Mimi naona heri subira. Overwatch yenyewe, iliyokuwa ikirekebisha cheo kwa takwimu za mtu binafsi, iliacha kufanya hivyo Januari 2018 kuanzia daraja la Diamond kwenda juu.

Shukrani nayo ionyeshwe wazi mechi inapoisha: fulani alimlaza adui, sekunde mbili baadaye timu ikammaliza. Seva inajua tayari nani alimgusa nani, na lini. Kilichobaki ni sisi kuandika mistari ya kuunganisha matukio hayo. Na kwa kuwa hayaongezi cheo, hakuna sababu ya mtu kuyatafuta kwa hila.

Tukipuuza, watu wataikimbia kazi hii. Mwaka 2019 Overwatch ililazimika kugawa nafasi, wawili kwa kila kazi, na foleni ya washambuliaji ikawa ndefu kuliko ya waponyaji.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Basi ubao uonyeshe vidole vyote.